Tauni, kitubio na maiti anayerudi: hadithi ya kutisha ya mwaka 1349 ijengwe juu ya nini?

Swali la msomaji: Naandika riwaya fupi ya kutisha inayotokea katika kijiji cha Uingereza wakati wa tauni ya mwaka 1349. Ninaye tabibu mwenye kinyago cha mdomo wa ndege, ajuza anayechomwa moto kwa uchawi, padri mnafiki, na maiti wanaofufuka usiku, ambao nimewaita misukule. Walioisoma wanasema damu ni nyingi lakini hofu hakuna. Nimekosea wapi, na nirekebishe vipi bila kuanza upya?

Jibu: Kosa haliko kwenye damu, na huna haja ya kuanza upya. Wahusika wako wanaogopa kile tunachokiogopa sisi, yaani kufa, ilhali mtu wa mwaka 1349 alikuwa na hofu kubwa kuliko hiyo: kufa vibaya. Kifo chema kilikuwa na taratibu zake, na kila mkulima alizijua kama alivyojua majira ya kupanda. Padri anaitwa. Anakuja na Ekaristi, mbele yake kengele na taa, na wanaokutana naye njiani wanapiga magoti. Mgonjwa anaungama, anaondolewa dhambi, anapokea komunyo, anapakwa mafuta. Anawasamehe wadeni wake na kuwaomba radhi aliowakosea. Akikata roho anavikwa sanda, anazikwa katika ardhi iliyobarikiwa, kisha zinasomwa misa ili muda wake toharani upungue. Hatua moja ikirukwa, deni linabaki. Tauni ilizivuruga zote ndani ya wiki chache. Kwa hiyo kila kiumbe wa usiku utakayemleta kwenye hadithi hii azaliwe na deni hilo, la sivyo atakuwa mapambo tu.

Ushahidi wa jinsi mambo yalivyoharibika upo kwenye barua ya Ralph of Shrewsbury, askofu wa Bath na Wells, ya Januari 1349. Mapadri wa kwenda kwa wagonjwa walikuwa hawapatikani tena. Askofu akaagiza watu waelezwe kwamba anayekaribia kufa na hana padri aungame kwa mwenzake, ingawa ni mlei, yaani si padri, na kama hakuna mwanamume karibu, basi hata kwa mwanamke. Aliyesikiliza maungamo hayo anafungwa na siri. Na pale ambapo hakuna wa kutoa mpako wa mwisho, imani itoshe.

Soma tena sentensi ile ya "hata kwa mwanamke" kwa jicho la mwandishi. Humo kuna riwaya nzima. Mtoe ajuza wako kwenye kuni, umfanye mkunga. Wakunga walikuwa tayari na ruhusa ya kubatiza kichanga kinachokufa kabla padri hajafika, kwa hiyo kijiji kimezoea kumwona mwanamke huyu kwenye mlango wa kuingilia duniani. Sasa anaitwa kwenye mlango wa kutokea. Kwa wiki sita anapokea maungamo ya kijiji kizima: nani alisogeza jiwe la mpaka wa shamba, nani alimlalia mtoto wake akafa na haikuwa bahati mbaya, nani alimnyima nduguye nafaka mwaka ule wa njaa. Anayajua yote, hawezi kumwambia yeyote, na jambo linalomla ni kwamba hana uwezo wa padri wa kutamka maondoleo. Je, waliokufa mikononi mwake wamefika salama? Usiku anaposikia hatua nje ya dirisha, msomaji hatahitaji kuelezwa kwa nini wanamjia yeye.

Tahadhari moja hapo. Barua ile ilikuwa ya jimbo la kusini-magharibi. Ukiiweka hadithi yako Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, usimfanye askofu wa Bath na Wells aamuru huko. Lakini kuungama kwa mlei wakati wa dharura lilikuwa jambo linalojulikana katika mafundisho ya Kanisa tangu zamani, hivyo tendo lenyewe linaweza kutokea popote. Nakushauri Yorkshire kwa sababu ya mizuka yake, kama utakavyoona. Askofu mkuu wa York, William Zouche, aliagiza maandamano ya sala Julai 1348, kabla ugonjwa haujafika kwake. Tauni iliingia Uingereza kiangazi hicho kupitia Melcombe, bandari ya kusini, na eneo la York likashikwa sana kuanzia Mei hadi Julai 1349. Pasaka mwaka ule iliangukia tarehe 12 Aprili na Kupaa kwa Bwana tarehe 21 Mei. Una karibu mwaka mzima wa kuusubiri ugonjwa huku watu wakiimba litania, na kungoja huko ni mali ya bure kwa mwandishi wa hofu. Usikuruke.

Sasa maiti wako. Tatizo lao ni kwamba wanafufuka kwa wingi, bila majina. Wafu wanaorudi katika maandishi ya Uingereza ya zama zile hawaji kama jeshi. Ni mtu mmoja anayejulikana, mwenye kosa linalojulikana, na anarudi na mwili wake. William of Newburgh, mtawa wa Kiaugustino wa Yorkshire aliyeandika historia yake mwishoni mwa karne ya 12, ameacha visa vinne vya namna hii. Viwili hasa vitakufaa.

Cha kwanza ni cha ngome ya Anantis. Mume mwenye wivu alijificha juu ya boriti la chumba ili amfumanie mkewe, akaanguka. Alishauriwa aungame, akasema kesho. Usiku ule akafa. Baada ya kuzikwa akawa anazunguka kijijini usiku, nyuma yake kundi la mbwa likibweka kwa uchungu, na hewa aliyoichafua ikaleta maradhi hadi nyumba zikawa tupu. Jumapili ya Matawi, padri akiwa mezani na wageni wake, ndugu wawili waliofiwa na baba yao wakachukua jembe butu wakaenda kufukua. Hawakuchimba sana. Walimkuta amevimba mno, uso mwekundu, sanda imechanika. Walipompiga, ikatoka damu nyingi kama ya ruba aliyeshiba. Wakautoa moyo, wakauchoma mwili, na maradhi yakakoma.

Cha pili ni cha Buckingham. Maiti alikuwa akimlalia mjane wake usiku kwa uzito wa kumkatisha pumzi. Watu walitaka kuuchoma mwili. Askofu wa Lincoln akaona hilo ni jambo la aibu, akaandika barua ya maondoleo kwa mkono wake, akaagiza kaburi lifunguliwe na barua iwekwe kifuani pa marehemu. Mwili ulikutwa kama ulivyozikwa, barua ikawekwa, na hakutembea tena.

Barua au jembe. Kijiji chako kiwe na dawa hizi mbili mbele yake, kisha uzigombanishe. Barua ni dawa ya imani: ni ya huruma, inahitaji askofu, askofu yuko mwendo wa siku nne na mjumbe wa mwisho hakurudi. Jembe liko nyuma ya mlango. Kila kifo kinachotokea wakati barua inasubiriwa kinawasogeza watu kwenye jembe. Mgogoro wa kitabu ni huo, na uzuri wake ni kwamba hakuna upande ulio mjinga.

Wala jembe si ubunifu wa watawa. Wharram Percy, kijiji cha Yorkshire kilichohamwa, kimetoa mifupa ya watu wasiopungua 10 wa kati ya karne ya 11 na ya 14 yenye alama za visu na kuungua, iliyokatwa baada ya kifo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2017 uliona kwamba maelezo yanayoafiki alama hizo vizuri zaidi ni watu kujaribu kuwazuia wafu wasitembee. Na kwa upande wa barua, mmonaki wa abasia (makao ya watawa) ya Byland, kilomita chache tu kutoka kwa William, aliandika mwanzoni mwa karne ya 15 visa 12 vya mizuka ya maeneo yale. Katika kimoja, mshonaji aitwaye Snowball anakutana na roho iliyotengwa na Kanisa inayomjia mara kama kunguru, mara kama mbwa. Roho inadai maondoleo na misa ishirini mara tisa, yaani 180. Mshonaji analipa shilingi 5, anaificha hati ya maondoleo kaburini, na anaporudi kukutana na roho anachora duara lenye msalaba na kubeba Injili nne. Angalia hesabu hizo. Hofu ya watu hawa ilikuwa na bei, idadi na karatasi. Mzuka wako akidai kitu, adai kiasi kamili, na kiasi hicho kisiwezekane: misa 180 katika parokia ambayo padri wake amekufa Jumanne.

Kuhusu mwendo wa hofu, kuna kisa cha Bohemia (Ucheki ya leo) kilichoandikwa na abati Neplach katika karne ya 14. Mwaka 1336, katika kijiji cha Blov, mchunga mifugo Myslata aliyekwisha kufa alizunguka usiku akiita watu kwa majina yao. Aliyeitwa alikufa ndani ya siku 8. Walipomdunga kwa mti, alisema wamempa fimbo nzuri ya kujikinga na mbwa. Namba ile 8 inakaa vizuri ajabu na tauni yenyewe. Kutoka kuumwa na kiroboto hadi homa ni siku 2 hadi 6. Homa inakuja ghafla, na kutetemeka, kichwa kupasuka, kutapika, ulimi kuwa mzito mtu aonekane mlevi. Kwa siku moja au mbili mtoki unatoka, mara nyingi kinenani kwa kuwa viroboto huuma zaidi miguuni, au kwapani, au shingoni. Andika mtoki, usiandike jipu. Jipu liko kwenye ngozi. Mtoki umejaa chini yake, mgumu, ukubwa wa yai, na unauma kiasi kwamba mgonjwa hawezi kuufunga mkono wake ubavuni. Mwenye mtoki kinenani hulala amekunja mguu. Wengi hufa siku chache baada ya homa kuanza; wengine, mtoki ukipasuka na kutoa usaha, hupona. Usiwaue wote. Anayepona baada ya kuitwa jina anatisha kuliko aliyekufa, maana kijiji kitauliza alilipa nini. Tauni ya mapafu ni tofauti: kikohozi chenye damu, kifo ndani ya siku 1 hadi 3, karibu hakuna anayepona. Itumie mara moja tu, kwa mtu ambaye msomaji alitegemea atakuwepo hadi mwisho.

Kwa hiyo mpango wako unaweza kuwa hivi: usiku wa kwanza anaitwa, asubuhi anacheka na kusimulia, siku ya tatu anawasha moto ingawa ni Juni, ya nne mtoki, ya saba au ya nane kengele. Ukishaurudia mpango huo mara mbili, msomaji atahesabu mwenyewe. Mara ya tatu uvunje.

Maiti anapofukuliwa, andika kile ambacho kaburi hufanya kweli. Gesi huvimbisha tumbo na uso, ngozi hubadilika rangi, majimaji meusi yenye damu hutoka puani na mdomoni. Sanda iliyo juu ya kinywa hulowa, huzama ndani na kuoza mapema, ndipo watu waseme ameitafuna. Ukitoboa tumbo, gesi hutoka kwa sauti. Makaburi ya haraka huwa na kina kifupi, hivyo mbwa hufukua, na mbwa wa William wanaanzia hapo. Lakini ukweli huu ubaki kwako. Asiwepo mhusika wa kuueleza. Katika kitabu chako hakuna anayejua habari za vijidudu, na msimulizi asijue zaidi yao. Kitivo cha tiba cha Paris chenyewe kilijibu mwaka 1348 kwamba chanzo ni kukutana kwa sayari za Zohali, Mshtarii na Mirihi katika nyota ya Ndoo mwezi Machi 1345, kulikochafua hewa. Kijijini wangesema ni dhambi, na hewa.

Haya sasa yatoke. Kinyago cha mdomo wa ndege ni cha karne ya 17, na tabibu wa chuo asingekaa kijijini hata bila kinyago. Kuna mkunga, kinyozi mpasuaji labda, na mwenye dawa za majani. Kuchoma wachawi kwa wingi ni jambo la karne za baadaye, na Uingereza wachawi waliohukumiwa walinyongwa zaidi. Msalaba mwekundu mlangoni pia ni wa baadaye. Karantini ya kisheria ilianza Ragusa (Dubrovnik ya leo) mwaka 1377, siku 30, kwa hiyo usiifunge njia kwa amri ya serikali mwaka 1349. Viazi, nyanya na mahindi havijafika Ulaya. Wanakula mkate wa shayiri au rai, mchuzi mzito wa maharagwe na kabichi, na pombe hafifu. Saa hazina dakika; siku inagawanywa na kengele, na ndiyo maana mlio wake ukikoma kwa sababu mpigaji amekufa, wakati wenyewe unapotea. Jambo hilo la kengele lipe ukurasa mzima.

Padri mnafiki naye mwangalie upya. Mapadri wa parokia walikufa kwa wingi mkubwa, na wengi wao walikufa kwa sababu waliitikia wito wa kwenda kwa wagonjwa. Wako waliokimbia pia. Ukimfanya mnafiki tangu ukurasa wa kwanza umeitupa imani, na pasipo imani hakuna kitu cha kuvunjika. Mpe padri mwema anayeogopa. Nyumba tatu za kwanza aingie. Ya nne asimame nje, amsikilize mgonjwa kupitia dirishani. Ya tano asifike. Mtu wa nyumba ya tano ndiye anayerudi.

Imani iwe na vitu vya kushikika. Katika makanisa mengi ya Uingereza kulikuwa na picha kubwa ya Mtakatifu Kristofa ukutani, mara nyingi mkabala na mlango, kwani iliaminika kwamba anayemtazama siku hiyo hatakufa kifo kibaya. Watu walichungulia tu mlangoni asubuhi, wakamwona, wakaenda shambani. Fikiria unyevu unapoanza kubandua plasta, na uso wa Kristofa ndio unaoanguka kwanza.

Kama unatafuta watu wa kulaumiwa, usilete Wayahudi kwenye kijiji hicho: walifukuzwa Uingereza mwaka 1290. Ukihamishia hadithi Ujerumani au Strasbourg, ambako waliuawa tarehe 14 Februari 1349 hata kabla ya tauni kufika mjini, kumbuka hili: katika hadithi yenye mambo ya ghaibu, uvumi wowote unaweza kugeuka kweli kwa kalamu yako. Usiufanye uvumi wa sumu visimani kuwa kweli, hata kwa fumbo. Papa Clement VI mwenyewe aliukanusha wakati ule ule, akisema Wayahudi nao wanakufa kwa ugonjwa huo huo.

Tena, hofu hii ya kufa bila padri ni ya Ukristo wa magharibi. Msafiri Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa Damascus mwaka 1348, akaona watu wakifunga siku tatu kisha kutoka pamoja, Waislamu na misahafu yao, Mayahudi na Taurati, Wakristo na Injili, wakilia. Kwa Mwislamu aliyekufa kwa tauni kulikuwa na matumaini ya daraja la shahidi. Ukitaka siku moja kuandika Damascus, mzuka wa deni la kitubio hautasafiri nawe. Itabidi utafute hofu ya pale pale.

Limebaki suala la lugha, ambalo waandishi wetu hulipuuza. Umewaita wafu wako "misukule". Neno hilo litakuharibia kitabu. Msomaji wa Kiswahili akisikia msukule anamtafuta mchawi aliyemchukua mtu na kumfanyisha kazi, na humu hakuna mchawi. Jini ana asili yake ya moto, hakuwahi kuwa mtu. Pepo humwingia mtu aliye hai. Mzimu una heshima ya mababu ndani yake. Mzuka unafaa kwa roho za Byland zinazobadilika maumbo. Kwa yule mwenye mwili na sanda, mwite maiti, au marehemu, kisha mara nyingi zaidi mwite kwa jina lake, kwa kuwa majirani zake wangemwita hivyo. Nao ugonjwa wasiuite Kifo Cheusi, jina lililokuja baadaye sana. Waseme tauni, au mauti haya, au wasiutaje.

Mwisho wa kitabu, William amekuachia njia mbili. Anantis mwili ulichomwa na maradhi yakakoma. Kisa chake cha Berwick kinakwenda vingine: vijana kumi waliukatakata mwili wa tajiri mmoja na kuuchoma mapema ili kuzuia maradhi, na maradhi yakaja hata hivyo, yakachukua sehemu kubwa ya watu. Chukua ya Berwick. Jembe limefanya kazi yake, majivu yamepoa, barua ya askofu inafika asubuhi ileile ikiwa na muhuri mzima na hakuna kifua cha kuiwekea. Usiku mkunga analala, kwa mara ya kwanza kijiji kiko kimya, halafu nje ya dirisha sauti ya mtu ambaye yeye hakumsikiliza maungamo inaita jina lake.